UZI: Kumpeleka mtoto kwa bibi aache ziwa, tunamjenga au tunamharibu? Na bibi mwenyewe je?

Ukwaju (mleta uzi)

Wakuu, amani kwenu.

Kila anayeleta mada ya kuachisha mtoto ziwa humu jukwaani huishia kwenye ubishi uleule. Upande mmoja unasema paka shubiri, mtoto akae kwa bibi yake wiki mbili, akirudi kasahau na maisha yanaendelea. Upande wa pili, wengi wao wazazi wa mjini, unasema ukimtoa mtoto kwa mama yake umempa jeraha la kuzeeka nalo: ndoa itamshinda, kazi itamshinda, na lolote litakalomkuta ukubwani chanzo kitakuwa ile safari ya kwa bibi. Ukiwabana hawa wanakujibu "wazungu wamefanya utafiti".

Wamefanya kweli. Ila wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya utafiti huo ilianzia hapa jirani, vijijini pembeni ya Kampala, na aliyeufanya alikuja akiwa na swali hilihili la ziwa na bibi.

Anaitwa Mary Ainsworth. Alizaliwa Marekani, akakulia Kanada, akafika Uganda mwaka 1954 akifuatana na mumewe aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Kabla ya hapo alikuwa London akifanya kazi na John Bowlby, daktari aliyekuwa akifuatilia nini huwapata watoto wanaotenganishwa na wazazi wao. Kampala ya siku hizo haikuwa shwari: Kabaka Mutesa II alikuwa ameondolewa na gavana wa Kiingereza Novemba 1953, na hakurudi hadi Oktoba 1955. Katikati ya fukuto hilo mama wa kizungu na mkalimani wake wanazunguka vijijini wakibisha hodi kwenye nyumba zenye vichanga. Kwamba walikaribishwa ni ukarimu wa hao akina mama, na naona hausemwi vya kutosha.

Ainsworth alikuwa amesikia kwamba kwa mila ya Waganda mtoto anayeachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi ili alisahau. Kwa mwanafunzi wa mawazo ya Bowlby hiyo ilikuwa fursa ya dhahabu: mwangalie mtoto kabla ya kuondoka, mwangalie tena akirudi, upate jibu. Alipofika akakuta familia nyingi zimeshaiacha mila hiyo. Ikabidi ageuze swali. Badala ya kuchunguza mtoto anavyoachana na mama, akachunguza anavyoanza kushikamana naye.

Akapata familia 26 zenye watoto 28. Kila baada ya wiki mbili anafika, anakaa saa mbili sebuleni alasiri, muda ambao wanawake wa Kiganda hupokea wageni, anaangalia na kuandika. Kwa baadhi alifanya hivyo miezi tisa. Alitaka kujua ni lini mtoto anaanza kumtofautisha mama yake na watu wengine: anamlilia nani, anamfuata nani kwa kutambaa, anamrudia nani akishtuka.

Watoto 16 aliwaona wametulia kwa mama zao. Mama akiwapo wanatambaa mbali, wanachokonoa vitu, wanageuka kuhakikisha yupo, wanaendelea. Saba walikuwa na wasiwasi, wanalia hata wakiwa wamebebwa. Watano walikuwa bado hawajaonyesha kumchagua mtu yeyote.

Na hapa ndipo penye utamu. Kitu kilichoendana na utulivu wa mtoto ni jinsi mama anavyomsoma mwanawe. Ainsworth aliona hata kwenye mazungumzo: mama wa watoto waliotulia walikuwa wanampa habari za mtoto bila kuulizwa, kwa undani. Mtu huyo anajua kilio cha njaa na kilio cha usingizi, anajua mtoto haogi maji ya baridi bila vita. Mwingine ukimuuliza mtoto vipi, anakujibu "hajambo", basi.

Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka mwaka 1967. Lile jaribio maarufu la maabara, la mama kutoka chumbani na kurudi huku mtoto akiangaliwa anafanyaje, lilikuja baada ya kuondoka Uganda, alipokuwa Baltimore, Marekani. Alilihitaji kwa sababu watoto wa Kimarekani nyumbani kwao walishazoea mama kutoka na kuingia, hawakuonyesha hisia waziwazi kama wa Kampala.

Sasa msimamo wangu, mje mnishambulie: miaka ya mwanzo ina uzito mkubwa, lakini nafsi haifungwi lakiri mtoto akifika miaka miwili, wala haijengwi na mama peke yake. Bibi yumo ndani ya hesabu tangu zamani.

Nakuja na sehemu ya pili.

Bonge la Mada

Nimeshaweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

Mashaka Kibao

Mleta uzi umeandika vizuri ila usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtoto wa bibi tunamjua wote. Hakosolewi, hatumwi, akichapwa bibi anavaa khanga anaenda kugombana na mwalimu. Akifika miaka 20 hawezi kufua hata soksi. Huo utulivu wa kutambaa unasaidia nini kama mtu mzima ni mzigo?

Omogaka wa Keroka

Niingilie kutoka Kenya. Sisi Abagusii tumechunguzwa mpaka tukachoka, tangu miaka ya 1950 alipokuja mtafiti wa Kimarekani Robert LeVine, kisha akarudi na wenzake miaka ya 1970. Walichoandika ni kwamba mama wa Kigusii hambembelezi mtoto kwa maneno mengi wala kumkodolea macho. Lakini mtoto akilia, anashikwa hapo hapo. Walipowaonyesha akina mama wa kwetu picha za video za mama wa Kimarekani, wakashtuka: mbona anamwacha mtoto analia hivyo?

Baadaye watafiti wengine wawili, Kermoian na Leiderman, wakajaribu kile kipimo cha mama kutoka na kurudi hukuhuku Gusii. Kumbuka kwetu salamu ni mkono. Sasa mtoto mchanga aliyetulia, mama akirudi, hakurukia kukumbatiwa kama wa Marekani. Alinyoosha mkono asalimiwe! Kama mpimaji hajui mila, angeandika huyu mtoto ana shida.

Na kitu kingine: walipima pia utulivu wa mtoto kwa yule mlezi mwingine, mara nyingi dada mkubwa. Utulivu kwa mama uliendana na hali ya lishe ya mtoto, utulivu kwa mlezi ukaendana na maendeleo ya akili. Kwa hiyo yule msichana wa miaka minane anayebeba mdogo wake mgongoni si kwamba anamshikia tu mama.

Ukwaju

Omogaka, hiyo ya mkono imenifurahisha kuliko yote niliyopanga kuandika. Asante sana.

Mashaka, nakujibu kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, huku kwetu Tanzania. Miaka ya 1980 Kristen Hawkes na wenzake walikaa nao, wakapima nani anachimba viazi pori kwa saa ngapi na watoto wanaongezeka uzito kiasi gani. Wakakuta wanawake walioshapita umri wa kuzaa ndio wanaokaa porini muda mrefu zaidi, wanachimba ardhi ngumu kwa fimbo iliyochongwa. Mama akiwa na mtoto mmoja, uzito wa mtoto unafuata juhudi ya mama. Mama akijifungua mwingine, uzito wa yule aliyeachishwa ziwa unafuata juhudi ya bibi.

Soma hiyo tena. Mtoto anapotoka kwenye ziwa, anaangukia mikononi mwa mwanamke mzee. Hawkes anaona hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini mwanamke anaishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi, jambo ambalo kwa wanyama wengi halipo. Wapo wanaompinga. Mimi naona ana hoja.

Kuhusu kudeka: sikatai. Lakini huyo bibi wa kugombana na mwalimu unayemsema ni bibi wa mjini mwenye mjukuu mmoja wa kukaa naye. Bibi wa Eyasi anampa mjukuu fimbo yake ya kuchimbia.

Mwalimu wa Chekechea

Hapo kwenye kutumwa niongeze kidogo. Barbara Rogoff na wenzake mwaka 1975 walipitia taarifa za jamii nyingi duniani kuangalia ni umri gani mtoto anaanza kukabidhiwa majukumu. Ikajitokeza kati ya miaka 5 na 7: kuchunga, kulea mdogo, kwenda dukani na kurudi na chenji. Ndio umri ambao na shule nyingi zinaanza. Mimi darasani naona kabisa, wa miaka minne ukimpa maagizo mawili anakumbuka moja. Wa miaka saba anakumbuka yote mawili na anamsema mwenzake aliyesahau. Huo ndio wakati wa kuanza kumtuma, iwe kwa mama, iwe kwa bibi.

Binti Tanga

Habari zenu. Mimi huwa nasoma tu siandiki, ila uzi huu umenigusa.

Nipo Muscat, nafanya kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Nilimwacha mwanangu kwa mama yangu akiwa na mwaka na nusu, nilimwachisha ziwa kwa ajili ya safari. Nikipiga simu ya video siku nyingine anakimbia kucheza, hataki hata kuniangalia. Mama anasema mzima, anakula, anacheka. Naomba mniambie ukweli, nimemharibu mwanangu?

Bonge la Mada

Pole sana dada. Watu wasije na maneno ya ovyo hapa.

Mkunga Mstaafu

Binti yangu, pole na kazi za ugenini.

Mimi nimefanya kazi wodi ya wazazi na kliniki ya watoto miaka mingi. Mtoto kukimbia simu si chuki. Kwanza, wa umri huo simu hajaielewa, sauti ya mama inatoka kwenye kioo halafu inazima, inamchanganya. Pili, zamani watoto walikuwa wakilazwa hospitali za Uingereza wazazi wanaruhusiwa kuwaona kwa nadra sana. Akaja James Robertson, alikuwa akifanya kazi na huyo Bowlby, akaandika alichokiona: mtoto analia na kugoma, halafu anapoa na kuhuzunika, halafu anakuwa kama hajali. Manesi walikuwa wanasema ameshazoea. Robertson akasema hapana, huyo anajilinda. Mama akija anamgeuzia uso, na yule aliyemgeuzia uso ndiye aliyekuwa anamlilia. Ndiyo maana siku hizi mama analazwa na mwanawe.

Sasa tofauti yako na hao: wao walikuwa wanabadilishiwa nesi kila zamu. Wa kwako yuko na mtu mmoja anayempenda. Hilo ni jambo kubwa.

Nikushauri. Mwambie mama yako asimhamishe mtoto huku na huku, leo kwa shangazi kesho kwa mama mdogo. Simu iwe fupi na kwa saa ileile, mwimbie wimbo mmoja uleule. Bibi amtaje mama kila siku, amwonyeshe picha. Na utakaporudi usimnyakue kwa bibi siku hiyohiyo! Kaa nao pamoja. Akikukwepa wiki ya kwanza vumilia, mwache yeye ndiye aje. Bibi naye aendelee kuwapo, maana kwa mtoto huyo kumwondoa bibi ghafla ni kumfanyia lilelile mara ya pili.

Binti Tanga

Shikamoo mama. Asante sana. Nimelia lakini nimepata nguvu.

Mkunga Mstaafu

Marahaba mwanangu. Na wewe ule vizuri huko.

Ukwaju

Dada Binti Tanga, mama ameshasema yote ya muhimu. Mimi naongeza ushahidi tu.

Kuna utafiti wa Bucharest, Romania, ulioanza mwaka 2000. Watoto 136 waliokuwa kwenye vituo vya serikali, walezi wachache, zamu zinabadilika, hakuna mtu wa mtoto. Nusu wakapelekwa kwenye familia za walezi, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Waliopata familia walifanya vizuri zaidi, na waliotolewa kabla ya miezi 24 hivi ndio walionufaika zaidi katika kushikamana na mlezi. Kwa hiyo ndiyo, miaka ya mwanzo ina dirisha. Lakini angalia walichokosa: mtu wa kudumu. Mwanao anaye.

Wa pili ni Kauai, kisiwa kimoja cha Hawaii. Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto wote waliozaliwa pale mwaka 1955, watoto 698, hadi wakafika miaka 40. Theluthi moja hivi walizaliwa kwenye mazingira magumu: umaskini, ulevi, ugomvi wa wazazi, matatizo wakati wa kuzaliwa. Kati ya hao wa mazingira magumu, mmoja katika watatu alikua mtu mzima mwenye uwezo, mwenye upendo, anayejitegemea. Walipoulizwa nani aliwashika, majina yaliyojirudia ni babu na bibi, kaka na dada wakubwa, mwalimu, jirani.

Mashaka, hapa ndipo pako. Wapo waliovurunda kabisa wakiwa na miaka 18. Polisi, mimba za shuleni, matatizo ya akili. Ungewapima umri huo ungesema basi, wameisha. Wengi wao walipofika miaka ya thelathini wakawa wamegeuka. Wengine walirudi kusoma vyuo vya jamii, wengine waliingia jeshini, wengine waliolewa au kuoa mtu mtulivu, wengine wakajiunga na dini kwa moyo wote, wapo na waliobadilika baada ya kunusurika kifo. Ushauri wa wataalamu ulisaidia wachache tu, jambo ambalo wataalamu wenyewe sijui kama hulipenda.

Hii ndiyo sababu nawapinga wanaomhukumu mtu kwa wiki mbili za kwa bibi. Wanasoma ukurasa wa kwanza wanatangaza mwisho wa hadithi.

Mashaka Kibao

Sawa, nakupa hiyo ya Kauai. Ila kichwa cha uzi umeuliza "na bibi mwenyewe je". Mpaka sasa bibi unamtaja kama mtumishi wa mjukuu. Yeye anakua au amemaliza?

Ukwaju

Swali zuri kuliko matusi yako ya mwanzo, mkuu.

Wengi tulifundishwa saikolojia ya ukuaji inayoishia ujanani, chuoni wanakukaririsha Piaget, yule Mswisi wa hatua za akili ya mtoto, halafu mtihani. Aliyeisukuma hadi kaburini ni Erik Erikson, mzaliwa wa Frankfurt mwaka 1902, mtoto ambaye hakuwahi kumjua baba yake mzazi na jina la Erikson alijipa mwenyewe alipopata uraia wa Marekani. Mwaka 1950 akatoa hatua zake nane. Kila umri una mtihani wake: mchanga anajifunza kuamini au kutoamini, kijana anatafuta yeye ni nani, mtu wa makamo anaamua kulea kizazi kinachokuja au kujifungia kwenye mambo yake, mzee anaangalia nyuma ayakubali maisha aliyoishi au yamtie uchungu.

Ukiziweka pamoja unaona bibi na mjukuu wanafanya mitihani yao kwenye jamvi moja. Mtoto anajaribu kuamini dunia, mzee anatafuta kama miaka yake ilikuwa na maana, na kila mmoja anamsaidia mwenzake bila kujua.

Kuna nyongeza ambayo haifundishwi sana. Mkewe, Joan Erikson, ambaye walifanya kazi hizo pamoja, aliishi kupita miaka 90, na mwaka 1997 ikatoka hatua ya tisa aliyoiongeza yeye. Alisema zile nane ziliandikwa na watu ambao hawajazeeka sawasawa. Ukifika miaka ya themanini na tisini mitihani yote inarudi, ila safari hii kwa upande wake mbaya: unaanza kutoamini hata mwili wako, magoti yanakusaliti, unamtegemea mtu akuvushe barabara kama ulivyovushwa utotoni.

Lakini usidhani uzee ni kushuka tu. Laura Carstensen wa Stanford ameonyesha kwamba wazee hupunguza idadi ya watu wao kwa makusudi, wanabaki na wale wa moyoni, na kwa wastani hisia zao za kila siku si mbaya kama vijana tunavyodhani. Muda ukionekana mfupi mtu anaacha kuhudhuria yasiyo na maana. Ukiona bibi haji tena kwenye vikao vya ukoo lakini anamfuata mjukuu mmoja kila mahali, ujue amechagua.

Omogaka wa Keroka

Erikson sawa, ila mbona hamumtaji Mwafrika hata mmoja? Bame Nsamenang wa Cameroon aliandika hatua kutokana na watu wake Wanso. Kwake hatua hazipimwi kwa miaka. Zinapimwa kwa nafasi ya mtu kwenye jamii: mchanga aliyetoka upande wa roho, mtoto anayeandaliwa kuwa mtu wa watu, anayefundwa kazi, anayeingia utu uzima, mpaka mzee. Na kifo hakifungi hesabu, mtu anaendelea kuwa mhenga. Hapo bibi amebakiza hatua moja tu.

Ukwaju

Naafiki. Na ukitaka kusema ukweli, kwa wasomaji wengi humu Nsamenang ataeleweka haraka kuliko Erikson. Kasoro yake naona hajaeleza vya kutosha mtu wa mjini: aliyezaliwa Sinza, bibi yuko Sumbawanga, wamekutana mara mbili misibani. Huyo anafundwa na nani?

Bonge la Mada

Anafundwa na TikTok mkuu.

Mashaka Kibao

Hahaha. Swali la mwisho halafu nalala. Humu mama, bibi, dada. Baba katajwa wapi? Maana na mimi nina wa miezi kumi ndani, wifi yenu ananiambia mtoto hanitaki.

Ukwaju

Mkuu, kuna Waaka, wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati, waliochunguzwa na Barry Hewlett. Kwa saa 24, baba yuko na mtoto mchanga mikononi au karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono kwa asilimia 47 ya muda. Hawamchezeshi sana kwa kumrusha juu kama baba wa Kimarekani, wanambeba tu huku wanaendelea na mambo yao. Hewlett anasema ndiyo maana hawahitaji fujo ya kumchangamsha, wanamjua.

Kwa hiyo acha simu, mbebe. Ya akina baba nitaifungulia uzi wake wiki ijayo, na safari hii tumwombe Mkunga aanze yeye.

Mkunga Mstaafu

Nitaanza. Ila Mashaka, leo usiku mtoto akilia amka wewe.